Kisima Kilichomfikiria Nyumbu

Anayevijua vichochoro vya Lamu anajua kinachotokea punda wawili wenye mizigo wanapokutana. Mmoja lazima arudi kinyumenyume, au wote wawili wabane ubavu ukutani hadi magunia yakwaruze chokaa, na wenye punda wapandishiane sauti, na aliyebeba mtoto akimbilie baraza ya jirani. Juu ya ardhi, kweupe, hiyo ni kero ya dakika chache. Sasa lichukue jambo lile lile ulitie ndani ya shimo lenye kina cha mita zaidi ya 50, kwenye ngazi inayozunguka, mmoja akishuka mtupu na mwingine akipanda na maji mgongoni. Hapo si kero tena. Ni mauti.

Hilo ndilo fumbo aliloachiwa Antonio da Sangallo Mdogo katika mji wa Orvieto, Italia, mwaka 1527. Mei mwaka ule jiji la Roma lilivamiwa na askari wa Kaisari Karoli V, watu waliokuwa hawajalipwa mishahara yao, wakapora na kuua. Papa Klementi VII alizingirwa katika ngome ya Castel Sant'Angelo, na Desemba akatoroka, akakimbilia Orvieto. Mji huo umekaa juu ya jabali lenye kuta wima pande zote. Adui haupandi kirahisi. Lakini jabali hilo hilo linalomzuia adui linawatenga wakazi na maji. Anayeuzingira hahitaji hata kurusha jiwe. Atakaa chini, atapika chakula chake, ataiachia kiu imfanyie kazi. Papa akaagiza kisima kichimbwe.

Nimekwenda kukiona, na nimerudi na deni la kukisifu. Kwa nje hakikutishi. Ni jengo la mviringo, fupi, karibu na ukingo wa jabali; mgeni mwenye haraka angelipita akitafuta kanisa kuu la mji na marumaru zake. Utukufu wote umewekwa chini, mahali ambapo hakuna mkuu wa nchi angepita akausifu. Jambo hilo peke yake lilinifanya nimheshimu fundi kabla sijaukanyaga mlango.

Dawa ya fumbo lake ukishaambiwa inaonekana nyepesi, na hapo ndipo penye ufundi. Alichonga ngazi mbili, si moja. Zote zinazunguka tundu lile lile, moja juu ya nyingine, zinashuka pamoja bila kugusana popote. Kila moja ina mlango wake, na milango yenyewe imewekwa pande mbili zinazokabiliana za duara. Nyumbu, huyu wa kufugwa, mzaliwa wa punda na farasi, aliingizwa mlango wa kwanza, akashuka vidato 248, akafika chini kwenye daraja dogo lililovuka juu ya maji. Hapo alipakiwa. Kisha akavuka, na kuvuka kwenyewe kukamtia kwenye ngazi ya pili, akapanda vidato vingine 248, akatokea mlango wa upande wa pili. Hakugeuka. Hakurudi nyuma. Hakukutana na mwenzake hata mara moja.

Giorgio Vasari, aliyeandika habari za wasanii na mafundi wa Italia katika karne ile ile ya 16, hakukipita kisima hiki kimya. Na hakika hakuna aliyekishuka akakipita kimya.

Kati ya ngazi na tundu la katikati upo ukuta, na ukuta huo umetobolewa madirisha 70. Haya madirisha ndiyo yaliyonichukua moyo. Kisima kiko wazi juu, mbingu inaonekana duara, na mwanga unaoteremka kutoka huko unagawiwa ngazi zote mbili dirisha kwa dirisha. Kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga unavyofifia, lakini hauishi. Unapotoka dirisha moja unaingia kwenye kivuli, na kabla jicho halijaanza kuhangaika dirisha la pili limekwishakupokea. Nilijaribu kukiona kidato kilichoachwa gizani kabisa, sikukiona. Fundi alijua kwamba mnyama haogopi kina asichokiona. Anaogopa mahali asipojua aweke wapi kwato. Akampa nuru pale pale mguuni.

Nikiwa katikati ya kushuka nilimwona bibi mmoja ng'ambo ya tundu, amemshika mkono mjukuu wake, wanapanda. Tulikuwa kimo kimoja kabisa, tumetazamana, kati yetu hewa tupu na chini yetu maji. Mtoto alinipungia mkono, nami nikampungia. Tukapotezana nyuma ya ukuta. Dirisha lililofuata tukaonana tena, wao wamekwenda juu, mimi nimekwenda chini. Tulionana hivyo mara kadhaa, tukapungiana kila mara, hadi sikuweza tena kumtambua kwa sura. Watu waliokwenda katika shimo moja, saa moja, kwa safari mbili zisizozuiana. Nimepita katika majengo mengi yaliyosifiwa kwa ukubwa. Sikumbuki jengo lililonitendea adabu namna hiyo.

Vidato navyo ni vipana, vya kumtosha mnyama kuweka kwato na kutulia kabla ya hatua nyingine. Havimkatishi pumzi mtu kwa ghafla. Sehemu ya juu imechongwa ndani ya jabali lenyewe, jiwe laini lililozaliwa na majivu ya volkano. Jiwe linapokwisha, kazi inapokewa na matofali. Nilipitisha kiganja pale vinapokutana nikitafuta kasoro. Tundu zima, na ngazi zake, lina upana wa kama mita 13. Kuliteremsha duara la upana huo kwa sururu na timazi, likabaki duara kutoka juu hadi chini, huku mizunguko miwili ya ngazi ikifuatana bila mmoja kuubomoa mwingine, ni kazi isiyosamehe kosa. Ukikosea hatua moja juu, chini ngazi hazitafika darajani pamoja. Vitabu vinamtaja Papa, vinamtaja Sangallo, na ni haki yao. Aliyeshika sururu anatajwa na ukuta.

Kazi ilikamilika mwaka 1537, chini ya Papa Paulo III. Klementi alikuwa amekwisha kufa mwaka 1534, baada ya kurudi Roma zamani. Kuzingirwa alikokuhofia Orvieto hakukumkuta. Sarafu ya ukumbusho aliyomchongea Benvenuto Cellini inamwonyesha Nabii Musa akiupiga mwamba, na maneno ya Kilatini yenye maana kwamba watu wapate kunywa. Wengi wanaihusisha na kisima hiki. Kwenye kisima chenyewe limewekwa andishi linalosema kwamba kile ambacho maumbile yaliinyima ngome, juhudi ya watu ilikiongeza. Nimesoma majigambo mengi juu ya mawe. Hili silihesabu kuwa majigambo.

Wala Sangallo hakuwa wa kwanza kumshusha mnyama kisimani. Katika ngome ya Kairo kipo Kisima cha Yusuf, kilichochimbwa zama za Sultani Salahuddin, karne ya 12, kirefu kuliko cha Orvieto kwa mbali, chenye njia inayozunguka tundu lake. Mafahali walishushwa humo hadi katikati wakazungusha gurudumu la kuinulia maji. Na huku kwetu, anayetembelea magofu ya Gedi ataona msikiti mkuu ukiwa na kisima chake na birika la kutawadhia, mahali pa maji pamefikiriwa pamoja na mahali pa kuswalia. Nchi mbalimbali, dini mbalimbali, lakini waashi hawa walikuwa na desturi moja: walianza na anayekwenda kuchota.

Sisi tumeiacha desturi hiyo, na tumeiacha bila aibu. Ingia ghorofa jipya katika mji wowote wa pwani yetu. Mbele kuna vioo vinavyomeremeta. Nyuma, umeme ukikatika na lifti ikasimama, kuna ngazi isiyo na hata kitundu cha kupitisha mwanga, na watu wanaipanda saa sita ya mchana wakimulika kwa simu. Vidato havilingani, cha tatu kirefu kuliko cha pili, na cha mwisho kimebanwa kwa sababu hesabu ilikataa. Mama mwenye ndoo kichwani anaipima kwa unyayo, akimwomba Mungu asikutane na anayeshuka. Tunazo mashine za kupima hadi unywele. Sangallo alikuwa na uzi na risasi inayoning'inia. Kilichopungua si chombo. Kilichopungua ni kumwona yule mama wakati mchoro bado uko mezani.

Nyumbu wa Orvieto alionwa. Hakuwa mtu, hakuwa na kauli, hakulipa kodi, na asingejua kulalamika. Bado akachimbiwa ngazi mbili badala ya moja, kazi ikaongezeka maradufu, miaka ikapita kumi, ili asigeuzwe kwenye ukingo akiwa na mzigo. Mtu wa hesabu za leo angeuliza gharama ya ngazi ya pili, na angeifuta kabla ya saa ya chakula.

Siku hizi hakuna anayechota maji pale. Wageni husimama kwenye daraja la chini, hutupa sarafu, huomba bahati, huinua simu, na huanza kupanda kwa haraka wakihema. Sarafu zimelala majini zinang'aa. Sikuona aliyeweka kiganja ukutani. Iliniuma, maana bahati waliyokuwa wakiiomba walikuwa wameikanyaga kidato kwa kidato njia nzima: kutangulia kufikiriwa na mtu ambaye hatakujua kamwe.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji unayejenga, au unayekaa kwenye kamati ya shule, ya msikiti, ya kanisa, ya soko. Mchoro ukiletwa mbele yako usiangalie sura ya mbele kwanza. Mwulize fundi anayebeba ndoo atapita wapi, mwanga wake utatoka wapi, na akikutana na mwenzake nani atarudi nyuma. Akikosa jibu, mrudishie mchoro wake.