Seva ya Barua Pepe: Anza na Ruhusa, Cheti Baadaye

Mwenye kukodi seva ndogo ya RAM ya gigabaiti moja ili aendeshe barua pepe za kikoa chake huanza, mara nyingi, na cheti cha usimbaji. Mimi ningeanza na swali jingine: nani anaruhusiwa kuitumia seva hii kupeleka barua nje? Itifaki ya SMTP ilipoandikwa mwaka 1982, seva zilipokezana barua bila kuulizana sana. Ukifanya hivyo leo, watumaji wa barua taka watakugundua upesi, na anwani yako ya IP ikishaingia kwenye orodha nyeusi, kuitoa ni shughuli.

Tuchukue Postfix, programu aliyoiandika Wietse Venema akiwa IBM. Kanuni inayoamua ni smtpd_relay_restrictions, iliyoletwa na toleo la 2.10. Kabla yake, ruhusa ya kupitisha barua ilichanganywa na kanuni za kuchuja barua taka, hivyo mstari mmoja uliokosewa katika uchujaji uliweza kuwafungulia wote. Sasa mambo hayo yametengana: anayetoka kwenye mynetworks, yaani orodha ya anwani zinazoaminiwa, anaruhusiwa, aliyeingia kwa nywila anaruhusiwa, na wengine hawapelekewi barua isiyohusu vikoa vyako.

Basi tazama hiyo mynetworks. Kabla ya toleo la 3.0, Postfix isipoelekezwa iliamini kompyuta zote za mtandao wake mdogo. Kwenye seva ya kukodi, hao ni wapangaji wenzako usiowajua hata kwa sura! Iandike mwenyewe: 127.0.0.0/8 na [::1]/128, basi.

Baada ya hapo ndipo usimbaji. Poti 25 hupokea barua za seva nyingine, na baadhi yake bado hazisimbi, kwa hiyo huko usimbaji hutolewa bila kulazimishwa. Watumiaji wako wapite 465 au 587, ambako usimbaji unalazimishwa, na Dovecot, programu ya masanduku ya barua, ikague nywila. Zima kabisa kuingia kwa nywila kwenye poti 25, ili wanaobahatisha nywila huko wasipate hata pa kujaribia.

ClamAV, ya kukagua virusi, ningeiacha kwenye seva ndogo kama hii: peke yake hula zaidi ya gigabaiti ya RAM.

Upande wa kutuma, SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa) na DKIM (ufunguo wa sahihi ya barua) huwekwa kwenye DNS ya kikoa, lakini rekodi ya PTR, inayotaja jina la anwani ya IP, huwekwa kwa kampuni inayokukodisha seva, na wengi huisahau. Tangu Februari 2024 Gmail inaidai kwa kila mtumaji, pamoja na SPF au DKIM. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku huongezewa DMARC, sera ya barua zisizothibitishwa na hizo mbili.

Jaribio lifanyike kutoka seva nyingine, maana kampuni nyingi za intaneti huziba poti 25 kwa wateja wa nyumbani. Unganisha, usiingize nywila, taja mpokeaji wa kikoa kisicho chako. Ukijibiwa 454 au 554, umekataliwa inavyopasa. Ukijibiwa 250, zima Postfix kwanza, kisha rudi kwenye mynetworks.