Kipimo cha Shaba

Kusubu shaba kwa nta ni kazi isiyosamehe. Fundi hufinyanga kiini cha udongo, akakivisha nta, na juu ya nta hiyo akachonga kila kitu: midomo, kope, michirizi ya usoni. Huifunika kwa udongo laini, tabaka juu ya tabaka, kisha huichoma mpaka nta itoke na kuacha uwazi. Humo ndimo shaba humiminwa. Hewa ikinaswa njiani, kazi imeharibika. Kalibu huvunjwa na hakuna ya pili.

Mafundi wa Ife, katika nchi ya Wayoruba, walijitwisha mzigo mzito zaidi. Kati ya karne ya 12 na ya 15 walisubu baadhi ya sura zao, barakoa ya mfalme Obalufon ikiwamo, kwa shaba nyekundu karibu tupu. Shaba iliyotiwa bati, zinki au risasi hutiririka vizuri. Iliyo tupu hudai moto unaozidi nyuzi 1,080, hunyonya hewa, tena huwahi kuganda.

Mwaka 1910 Mjerumani Leo Frobenius alifika Ife, akakiona kichwa cha Olokun, mungu wa bahari, akatangaza kwamba hayo ni mabaki ya Wagiriki wa Atlantis. Macho yake yalikuwa mazuri, na hilo ndilo linaloudhi. Alijua kabisa anatazama kazi kubwa. Kilichomshinda ni kumkubali mwenye kazi. Nao wazee wa Ife walikuwa na jina tayari: mfalme Obalufon, mlezi wa mafundi wa shaba.

Felix von Luschan wa Berlin alikuwa afadhali. Waingereza walipoupora ufalme wa Benin mwaka 1897, alinunua sehemu ya mali hiyo kwa ajili ya makumbusho yake (tusimsafishe mno), ila aliukagua usubuji wenyewe, akaandika kwamba hata Cellini, mchongaji wa Italia, asingeweza kuwapita mafundi wa Benin. Wahakiki wamelirudia jina hilo hadi leo kama cheti.

Cheti hicho kimenichosha. Cellini mwenyewe anasimulia kwamba alipokuwa akisubu sanamu ya Perseus, iliyozinduliwa Florence mwaka 1554, shaba ilimgomea tanurini, akalazimika kuitupia vyombo vyake vya mezani vya bati ndipo ikatiririka. Sanamu yake ni kubwa kuliko sura yoyote ya Ife, hilo tumpe. Lakini katika barakoa ya Obalufon shaba ilikwenda bila msaada huo, ikafika mpaka midomoni.