Estrojeni na kumbukumbu: kazi ya Barbara Sherwin tukiisoma kutoka Korogwe

Kama umewahi kusoma mahali kwamba estrojeni "inalinda ubongo", huenda umekutana na kazi ya Barbara Sherwin bila kuliona jina lake. Alikuwa mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, aliyetumia miaka mingi kuuliza swali moja: homoni za uzazi zikipungua, kumbukumbu ya mwanamke inakuwaje? Kazi yenyewe ni nzuri. Jinsi ilivyotumiwa baadaye ni habari nyingine, na sisi wa Handeni na Korogwe tuna sababu zetu za kuichambua.

Nianze na uzuri. Katika utafiti wake wa 1988 aliwafuata wanawake waliokuwa wanakwenda kutolewa kizazi pamoja na ovari. Akawapima kumbukumbu kabla ya operesheni, akawapima tena baadaye, wengine wakiwa wamepewa homoni na wengine dawa bandia. Unaona akili iliyomo hapo? Mwanamke analinganishwa na yeye mwenyewe. Ukimlinganisha mwenye shahada na ambaye hakukanyaga darasani, utakuwa umepima shule, si homoni. Waliokosa homoni alama zao zilishuka, waliopewa hazikushuka.

Sasa tatizo. Wanawake hao walikuwa wa umri wa kati, na homoni ziliwatoka kwa siku moja, kwa kisu. Bibi wa miaka 75 pale Chanika, Handeni, zake zilipungua pole pole na zimeshakwisha robo karne sasa. Halafu, kusahau maneno uliyosomewa muda mfupi uliopita si Alzheimer. Alzheimer ni ugonjwa unaoua seli za ubongo, hadi mtu anapotea kwenye njia ya kisimani aliyoipita maisha yake yote. Sherwin alipima kumbukumbu; wengi waliomsoma wakaona kinga.

Jibu lilikuja Mei 2003, na lilikuwa chungu. Utafiti wa Marekani uitwao WHIMS ulihusu wanawake 4,532 wa miaka 65 na zaidi. Kati ya waliopewa estrojeni (ile inayotolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba, ndiyo, umesoma sawasawa) pamoja na projestini, 40 walipata dimenshia. Waliopewa dawa bandia, 21. Yaani hatari karibu mara mbili! Na kama jina la projestini hiyo, medroksiprojesteroni, linakukumbusha sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, tulia: ni hiyo hiyo, lakini WHIMS haisemi lolote kuhusu binti wa miaka 25.

Sherwin na wenzake hawakunyamaza. Walisema homoni zilitolewa kwa kuchelewa, kwamba kuna dirisha la muda karibu na kukoma hedhi, likifungwa limefungwa. Hoja ina mantiki, tena inaweza kupimwa, na ilipimwa. KEEPS, iliyochapishwa 2015, iliwapa homoni wanawake waliokoma hedhi karibuni, kwa miaka minne. Kumbukumbu haikuwa bora kuliko ya wenzao. ELITE mwaka uliofuata ililinganisha walioanza mapema na waliochelewa; hakuna tofauti. Kwa hiyo akikwambia mtu wa duka la dawa kwamba kidonge cha homoni kitamrudishia mama kumbukumbu, usitoe hela. Bora mama apimwe homoni ya thairoidi, ile ya tezi ya shingoni. Hiyo ikipungua kweli huleta usahaulifu, na inatibika.

Lakini mimi siitupi kazi ya Sherwin. Kilichobaki imara ni pale pale alipoanzia: operesheni. Mwaka 2007 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walionyesha kwamba wanawake waliotolewa ovari kabla ya kukoma hedhi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya dimenshia uzeeni. Wanawake wa namna hiyo hata kwetu wapo, na anayetoka wodini huambiwa habari za kidonda, si za ubongo wa miaka 30 ijayo.

Na usiniambie Korogwe hakuna uwezo. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa hapa, kwanza pamoja na Kilifi, kisha kama moja ya vituo 11 vya Afrika. Kuifuatilia kaya miaka na miaka si kazi ngeni kwa watu wa NIMR. Kilichokuwa kikikosekana ni kipimo kinachomfaa asiyejua kusoma, na hicho kimeshapatikana wilayani Hai, Kilimanjaro. Huko watu 1,198 wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa, ikakadiriwa kwamba 6.4% wana dimenshia. Kutokana na kazi hiyo likatengenezwa jaribio la IDEA: badala ya kuchora kwa penseli, bibi anapanga njiti za kibiriti, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anaulizwa maneno aliyoambiwa mwanzoni.

Ningependa kuona jaribio hilo likifanywa kwa Kizigua na Kisambaa, kwa wanawake wanaosubiri operesheni Korogwe, kabla hawajaingia chumba cha upasuaji, kisha baada ya mwaka, kisha baada ya miaka mitano. Bila kidonge chochote. Njiti za kibiriti, saa, daftari, na mtu wa kurudi kuwauliza tena.