Uzio wa WPC: Tazama Kichwa cha Ubao Kabla ya Rangi

Muuzaji wa uzio wa WPC (mchanganyiko wa mbao na plastiki) huwa na maneno matatu mdomoni: hauozi, hauliwi na mchwa, hauhitaji matunzo. La pili nalikubali kwa masharti. La kwanza lilishakanushwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita huko Florida. La tatu ndilo linalowapotezea watu fedha, maana mwenye nyumba akishaambiwa kitu hakihitaji matunzo, hakikagui tena mpaka kipinde.

Nianze na kilichomo ndani ya ubao wenyewe. Ni unga wa mbao, yaani vumbi la msumeno lililokaushwa na kusagwa, uliochanganywa na plastiki iliyoyeyushwa, mara nyingi kwa kiasi kinachokaribia nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo husukumwa ukiwa wa moto kupitia tundu lenye umbo linalotakiwa, ukatoka upande wa pili ukiwa ubao mrefu. Mbao huanza kuungua joto likipita nyuzi 200 hivi za Selsiasi, kwa hiyo plastiki inayotumika lazima iwe ile inayolainika chini ya hapo: poliethilini (ile ya madumu na ya mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku Tanzania mwaka 2019), polipropilini au PVC. Humo huongezwa rangi, kinga ya jua, na dawa ya kushikanisha, kwa sababu mbao hupenda maji na plastiki huyakataa. Zikiachwa zenyewe hazishikani. Dawa hiyo ndiyo roho ya ubao. Bahati mbaya mteja hawezi kuiona kwa macho.

Teknolojia hii haikuzaliwa kwa ajili ya uzio. Mwaka 1983 kiwanda cha American Woodstock cha Sheboygan, jimbo la Wisconsin, kilianza kutumia mashine za Kiitaliano kutengeneza paneli za ndani ya magari kwa polipropilini na unga wa mbao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mobil Chemical ikaingia kwenye mbao za sakafu za nje, na mwaka 1996 mameneja wanne walikinunua kitengo chake cha mbao hizo na kuunda kampuni ya Trex, yenye makao yake Winchester, Virginia. Uzio ulifuata njia iliyokwisha kufunguliwa na sakafu, ukarithi uzuri wake na magonjwa yake.

Ugonjwa mkubwa ulikuwa maji. Mwaka 1998 watafiti wawili, Morris na Cooper, walichapisha katika Forest Products Journal taarifa kuhusu njia ya waenda kwa miguu iliyotengenezwa kwa mbao za mchanganyiko ndani ya hifadhi ya taifa ya Everglades, Florida. Juu ya mbao zile uyoga ulikuwa umeota. Si ukungu wa kufuta kwa kitambaa, bali kuvu inayokula mbao. Hadi wakati huo wengi waliamini kwamba kila chembe ya unga imezungukwa na plastiki, kwa hiyo hakuna maji yatakayoifikia.

Kosa lilikuwa kwenye hesabu ya wastani. Ukiutumbukiza ubao wa WPC ndani ya maji kwa siku moja kisha ukaupima, utaongezeka uzito kidogo tu, na karatasi ya muuzaji itaandika asilimia ndogo ya kupendeza. Lakini maji huingia polepole sana katika mchanganyiko huu, na yale yaliyoingia hayasambai ubao mzima. Hukaa kwenye milimita chache za nje, pale ambapo chembe za mbao zimegusana na kuachiana njia. Moyo wa ubao mkavu kabisa, ngozi yake imelowa vya kutosha kuilisha kuvu. Florida ina joto na unyevu mwaka mzima. Tanga, Mombasa na Unguja haziko mbali na hali hiyo. Ndiyo maana kipimo cha saa 24 mimi sikihesabu kuwa ushahidi.

Viwanda vilijibu kwa kuuvika ubao ngozi. Badala ya mchanganyiko kuachwa wazi, ubao hutoka mashinani ukiwa umefunikwa na tabaka jembamba la plastiki tupu lisilo na unga wa mbao, na aina hii ilianza kushika soko la Marekani karibu na mwaka 2010. Ngozi hiyo huzuia maji, doa la mafuta na sehemu kubwa ya kupauka. Ubao usio na ngozi hupauka wazi wazi katika miezi ya mwanzo ya jua, kisha hutulia. Anayeuchagua auchague akijua kwamba rangi ya dukani si rangi atakayoishi nayo.

Hapa ndipo kichwa cha ubao kinaposema kweli. Mwombe muuzaji kipande kilichokatwa karibuni ukiangalie kwa mkato, si kwa uso. Utaona mambo matatu kwa mara moja. Kwanza, ngozi ipo au haipo, na kama ipo, imezunguka pande zote nne au imepakwa uso mmoja tu. Uzio si sakafu: una mbele na nyuma, na jirani yako ananyeshewa na mvua ile ile. Ngozi ya upande mmoja haifai kwa kazi hii, na ubao huo una sababu moja zaidi ya kupinda, kwani pande zake mbili hazinywi maji sawasawa. Pili, unga umesagika laini au una vibanzi vinavyoonekana. Chenga kubwa ni njia ndefu za maji. Tatu, ubao ni mzima au una vyumba ndani.

Ubao wenye vyumba ni mwepesi, wa bei nafuu, na haustahili kulaaniwa. Kasoro yake ni kwamba fundi akiukata ili utoshe kati ya nguzo, anaacha midomo wazi. Maji ya mvua huingia vyumbani humo, na wadudu nao hupanga. Kila kichwa kilichokatwa na grenda kiwekewe kifuniko au kipakwe dawa anayoielekeza mtengenezaji. Jambo hili hakuna anayelikumbuka saa kumi na moja jioni, kazi ikiwa imebaki paneli mbili.

Nguzo ndizo zinazoamua uzio utasimama miaka mingapi, na ndizo zinazopewa muda mfupi kuliko vyote dukani. Uzio wa stara hauna matundu, kwa hiyo ni tanga. Chukua paneli ya mita 1.8 kwa mita 1.8 na upepo wa kilomita 90 kwa saa, mwendo ambao dhoruba hufikia bila shida. Msukumo juu ya paneli hiyo moja unapita uzito wa kilo 120, na kitovu chake kiko sentimita 90 juu ya ardhi, kwa hiyo nguzo inang'olewa kwa mkono mrefu. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Nguzo ya kuchimbiwa inahitaji kwenda chini angalau theluthi moja ya kimo kilicho juu, na zege lisiishie shingoni tu. Mtu anayefunga uzio juu ya ukuta mfupi wa tofali, kama wengi mjini wanavyofanya, aelewe kwamba kazi yote hiyo inabebwa na bolti nne za sahani ya chini na kozi ya mwisho ya tofali. Kozi hiyo ikiwa haina nondo, bolti zitabaki imara na tofali litaondoka nazo. Mimi ningeingiza sikwea paipu ya chuma chenye zinki ndani ya nguzo ya alumini, nikaishusha hadi ndani ya ukuta, kabla ya kufikiria rangi.

Neno juu ya alumini: haipatani na saruji mbichi. Saruji ina ukali unaoila alumini, kwa hiyo sehemu ya nguzo itakayozama ndani ya zege ipakwe lami kwanza. Pwani, skrubu za chuma cha kawaida zitalia kutu juu ya ubao ndani ya msimu mmoja. Tumia chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, maana 304 huanza kupata madoa karibu na bahari.

Kisha joto. Ubao wa rangi nyeusi unaopigwa na jua la saa nane mchana unaweza kuwa na joto la nyuzi 40 zaidi ya alfajiri. Kwa ubao wa mita 1.8, tofauti hiyo huleta urefu wa milimita tatu hivi. Ni kidogo, lakini kama fundi ameubana kati ya nguzo mbili pasipo nafasi, hauna pa kwenda isipokuwa kutoa tumbo. Mbao za mlalo zinazoteremshwa kwenye mifereji ya nguzo ziachiwe nafasi kila upande, ulimi utazame juu na mfereji chini ili maji yateremke, na reli ya chini iwe na matundu ya kutolea maji. Ikikosa matundu inakuwa hori, na ubao wa chini kabisa unaoga humo masika nzima.

Kuhusu mchwa, masharti niliyoyataja ni haya. Hawashibi kwa plastiki, ila hupita. Wanaweza kupandisha njia yao ya udongo juu ya uzio mpaka kwenye kenchi za paa, na kama nguzo zako ni mkaratusi usiotiwa dawa, wataanzia hapo. Acha upenyo wa sentimita tano kati ya ubao wa chini na ardhi, usirundike udongo wala majani.

Matunzo yenyewe si mengi. Mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, osha kwa maji, sabuni ya kawaida na brashi laini ukifuata urefu wa ubao. Ukungu mweusi mara nyingi hauli ubao, unakula vumbi na chavua vilivyoganda juu yake. Ondoa chakula chake nao utaondoka. Mashine ya presha itumike kwa mdomo unaotawanya maji, umbali usiwe chini ya sentimita 20, na kwa ubao usio na ngozi ni heri iachwe. Madoa meupe ya maji ya kisima chenye chumvi hutoka kwa siki, ya kutu kwa dawa yenye asidi ya oksaliki. Brashi ya waya na msasa visiguse ubao wenye ngozi, kwani mkwaruzo haurudi. Na moto wa majani makavu usiwashwe karibu: poliethilini hulainika kabla hata ya nyuzi 130, na ubao uliolegea kwa joto haunyooki tena.

Hukumu yangu ni kwamba kwa mwenye bajeti ndogo, ukuta wa tofali au michongoma iliyokatwa vizuri bado vinaushinda uzio wa WPC usio na ngozi. Kwa mwenye kuweza kununua ulio na ngozi pande nne, ni bidhaa nzuri inayostahili bei yake. Ila kabla ya kumaliza kumlipa fundi, zunguka naye paneli kwa paneli: vichwa vyote vimefunikwa, reli za chini zina matundu, na nguzo hazitikisiki ukizisukuma kwa bega.