Sheria Iliyongoja Zamu Yake
Januari 2008 Profesa Benno Ndulu alishika ugavana wa Benki Kuu ya Tanzania, wakati jina la taasisi hiyo likitajwa kila siku pamoja na sakata la EPA, yaani upotevu wa fedha katika akaunti yake ya madeni ya nje. Anayeingia ofisi ya namna hiyo hushawishika kufunga kila mlango. Aprili mwaka huohuo Vodacom ikaleta M-Pesa: kampuni ya simu, isiyo benki, ikaanza kupokea pesa za watu kupitia mawakala wa mitaani. Sheria mahususi ya kuisimamia haikuwapo.

Benki Kuu haikupiga marufuku, wala haikukurupuka kutunga sheria ya jambo ambalo halijaonyesha sura yake. Ilitoa barua ya kutokuwa na pingamizi, yenye masharti. Kubwa lao ni hili: kila shilingi inayosomeka kwenye simu ya mteja iwe na shilingi yake benki, katika akaunti ya dhamana iliyotengwa na mali ya kampuni. Kampuni isiikopeshe wala isiitumie kulipa mishahara.

Sharti hilo ni fupi, na ufupi wake ndio ufundi wenyewe. Benki huhitaji kanuni nyingi kwa sababu hukopesha amana za watu. Wakopaji wakishindwa kulipa, mwenye akiba huumia. Asiyeruhusiwa kukopesha hana sababu ya kubebeshwa mzigo wote wa benki. Fundi amejua maji yanaingilia wapi, akaziba hapo tu.

Jicho hilo halikupatikana ofisini. Ndulu alipata shahada ya uzamivu Northwestern, Marekani, akafundisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1986 akachapisha utafiti kuhusu viwanda vya Tanzania: uwekezaji, uzalishaji, na kiasi gani cha uwezo wa viwanda kilitumika kweli. Baadaye aliongoza AERC, mtandao wa watafiti wa uchumi wenye makao Nairobi, kisha akafanya kazi Benki ya Dunia. Mtafiti wa aina hiyo huzoea kuacha takwimu ziseme kwanza.

Basi takwimu zikasema. Utafiti wa FinScope wa 2009 ulikuta watu wazima takriban 16 kati ya 100 wakitumia huduma rasmi za fedha. Ule wa 2013 ukakuta takriban 58. Mwaka 2014 kampuni nyingine za simu, Tigo na Airtel, zikaruhusu wateja wao kutumiana pesa moja kwa moja, kwa makubaliano ya kibiashara, bila amri ya serikali. Mwaka huohuo Tigo ikaanza kuwagawia wateja faida iliyotokana na akaunti ya dhamana.

Ndipo ikaja Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, pamoja na kanuni za fedha za kielektroniki. Ilipofika, mengi iliyoyaagiza yalikwisha kujaribiwa mitaani.

Kazi hii haikuwa ya mtu mmoja, lakini lawama zingekuwa za mmoja. Pesa za wateja zingepotea kabla ya 2015, nani angekubali kwamba gavana alikuwa anajifunza? Kusubiri kwake hakukuwa uzembe, kwa kuwa lile lisiloweza kusubiri, yaani usalama wa pesa ya mteja, lilishughulikiwa mwanzoni kabisa. Ndulu aliondoka Benki Kuu 2018, akafariki Februari 2021. Anayetaka kujifunza usimamizi wa fedha asianzie kwenye vifungu vya sheria ile; aanzie kwenye miaka 7 iliyoitangulia.