Nani Amemvua Nani? Lugha ya Kujiuzulu Katika Uchaguzi Mdogo wa Igunga, 2011

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuitafuta sanaa ya lugha katika utenzi, riwaya na tamthilia. Lugha ya jukwaa la siasa huachiwa waandishi wa magazeti na wataalamu wa sayansi ya siasa, kana kwamba sitiari ikitamkwa na katibu wa chama hupoteza usitiari wake. Mgawanyo huu una hasara. Maneno ya jukwaani husikiwa na watu wengi kuliko wasomao riwaya yoyote, na mara nyingi hayo ndiyo huamua jinsi umma utakavyolifahamu tendo la kiongozi. Uchaguzi mdogo uliofanyika katika jimbo la Igunga, nchini Tanzania, tarehe 2 Oktoba 2011, ni mfano mwafaka. Katika tukio hilo vitenzi viwili viligombania tendo moja, na ugomvi wao haukuwa wa kisarufi tu.

Matukio yenyewe yanajulikana. Rostam Aziz, mfanyabiashara mkubwa na aliyepata kuwa mweka hazina wa Chama cha Mapinduzi, alikuwa mbunge wa Igunga, mkoani Tabora, tangu mapema miaka ya 1990. Alichaguliwa tena mwezi Oktoba 2010 kwa kipindi cha miaka mitano. Tarehe 13 Julai 2011, kabla hata ya kutimiza mwaka mmoja wa kipindi hicho, aliwatangazia wazee wa jimbo lake kwamba anajiuzulu ubunge pamoja na uongozi wake katika chama, ila atabaki kuwa mwanachama wa kawaida. Miezi michache kabla ya hapo chama chake kilikuwa kimetangaza azma ya kujisafisha na ufisadi. Katika vikao vya Dodoma vya mwezi Aprili, Sekretarieti na Kamati Kuu ziliundwa upya, na wale waliohusishwa na tuhuma, ambazo wao walizikana, walitakiwa wajipime na kuchukua hatua wenyewe. Azma hiyo ilipewa jina lililoenea nchi nzima kwa muda mfupi: kujivua gamba.

Hapana budi kuanza na sitiari hiyo. Picha yake ni ya nyoka ambaye, wakati ukifika, huliacha gamba lake kuukuu na kutoka na ngozi mpya ing’aayo. Waliobuni msemo huu bila shaka walikusudia maana ya upya: kilichochakaa kinatupwa, uhai unaendelea. Lakini sitiari haitii amri ya mbunifu wake. Msikilizaji huipokea pamoja na kila anachokijua kuhusu kitu kilichotajwa, na Mswahili anayajua mengi kuhusu nyoka. Anajua kwamba nyoka aliyejivua gamba ni nyoka yule yule, mwenye meno yale yale na sumu ile ile. Anajua kadhalika kuwa gamba jipya limeota chini ya lile la zamani na kulifanana madoa kwa madoa. Methali isemayo kuwa mwana wa nyoka ni nyoka ilikuwapo kabla ya chama chochote. Hivyo basi msemo uliotungwa kutangaza mabadiliko ulibeba ndani yake hoja ya kuyakanusha, na wapinzani hawakuhitaji kutunga wa kwao. Walichohitaji ni kuurefusha ule ule hatua moja.

Kasoro ya pili ni ya kisarufi, nayo ni nzito zaidi. Kitenzi “vua”, kikitumiwa kwa vazi, hakihitaji sana kiambishi “-ji-”. Mtu asemapo “amevua kanzu”, hueleweka kuwa aliyevua ndiye aliyekuwa ameivaa. Kiambishi hicho cha kujirejea kinapoongezwa hutia mkazo: mtenda ametenda kwa hiari yake, juu ya nafsi yake, bila kushurutishwa. Ndiyo maana husemwa “kujivua lawama” na “kujivua dhamana”. Chama kiliposema kitajivua gamba, kilijitwalia nafasi ya mtenda na ya mtendwa kwa wakati mmoja. Katika sentensi hiyo wanachama waliotuhumiwa si watu. Ni gamba, yaani kitu kikavu kisicho na kauli, ambacho hakiwezi kuulizwa kilikuwa wapi wala kilitumwa na nani. Ngeli yenyewe inashuhudia: “gamba limetoka”, si “ametoka”. Kumtoa mtu katika ngeli ya watu ni kumpunguzia lawama na haki kwa pamoja, kwa sababu kitu hakishtakiwi na pia hakijitetei.

Dhidi ya kitenzi hicho mbunge wa Igunga alileta cha kwake, “kujiuzulu”. Asili ya neno hili ni ya Kiarabu, na shina lake, “uzulu”, lina maana ya kumwondoa mtu katika madaraka. Mfalme humwuzulu waziri, waziri huuzuliwa. Anayejiuzulu hujifanyia mwenyewe kile ambacho mkubwa wake angemfanyia. Neno hili, likitazamwa vizuri, lina kinaya cha ajabu, kwani mtu hulitumia kuikwepa kauli ya kutendwa ilhali shina lenyewe linamkumbusha. Lowassa alipoacha uwaziri mkuu mwezi Februari 2008 alijiuzulu, na Nyerere alipoacha uwaziri mkuu mwezi Januari 1962 alijiuzulu pia. Mazingira ya matendo hayo mawili hayafanani hata kidogo, lakini kitenzi ni kimoja. Pengine ndiyo sababu Nyerere, alipokaribia kuacha urais mwaka 1985, aliliingiza katika matumizi ya taifa neno la Kizanaki, “kung’atuka”. Neno hilo halina “-ji-” wala halina kumbukumbu ya mkubwa anayeuzulu. Anayeng’atuka huondoka tu mahali alipokuwa ameketi, kwa heshima, ili mwingine aketi.

Ikumbukwe kuwa mbunge wa Igunga hakusema amevuliwa, wala hakukiri kuwa yeye ni gamba. Aliueleza uamuzi wake kuwa ni wa hiari, akasema anaachana na “siasa uchwara” ili ashughulikie biashara zake. Maneno hayo mawili yalidumu kuliko hotuba yote. Neno “uchwara” ni kivumishi kisichobadilika: siasa uchwara, bidhaa uchwara, kiongozi uchwara. Halichukui kiambishi cha ngeli yoyote, na kwa hiyo linaweza kubandikwa popote bila kufungamana na chochote. Siasa hizo uchwara zilikuwa za nani? Za wapinzani, za wenzake ndani ya chama, au za mfumo ambao yeye mwenyewe alikuwa nguzo yake kwa takriban miongo miwili? Kivumishi hakisemi, na katika kutosema kwake ndiko kulikuwa na manufaa kwa msemaji.

Hapa ndipo kiini cha mgogoro kilipo. Chama kilikuwa na kitenzi chenye “-ji-”, na mbunge alikuwa na kitenzi chenye “-ji-”, na vyote viwili vilidai tendo moja la tarehe 13 Julai. Ikiwa chama ndicho kilichojivua, basi mbunge alivuliwa. Ikiwa mbunge ndiye aliyejiuzulu, basi chama hakijajivua kitu, kimeachwa. Hayawezi kuwa kweli yote mawili kwa ukamilifu. Hata hivyo umma ulitakiwa uyapokee yote mawili, na kampeni ikaendeshwa juu ya utata huo huo: mgombea wa chama alijengwa kama ngozi mpya, na wakati huo huo mbunge aliyeondoka hakuweza kulaumiwa waziwazi, kwa kuwa wapiga kura wake wa jana ndio waliotafutwa leo.

Magazeti yalikuwa yamezoea kuiita Igunga “ngome” ya CCM. Sitiari hii nayo yastahili kuhojiwa. Ngome ni jengo. Waliomo ndani hulindwa, na aliye nje hushambulia. Mpiga kura yuko wapi katika picha hiyo? Ni jiwe la ukuta. Uchaguzi mdogo ulidhihirisha kwamba ukuta huo haukuwa wa chama peke yake, kwani mara tu mtu mmoja alipotoka, ngome iligeuka kuwa kiti cha kugombewa kura kwa kura. Dk. Dalaly Peter Kafumu wa CCM, aliyekuwa Kamishna wa Madini, alipata kura 26,484. Joseph Mwandu Kashindye wa Chadema alipata 23,260. Tofauti ilikuwa kura 3,224 tu, na idadi ya waliopiga kura haikufikia nusu ya walioandikishwa. Chama kilishinda, lakini sitiari ya ngome ilianguka.

Jambo jingine lililoibuka Igunga lilihusu daraja. Watu wa eneo la Mbutu walikuwa wakitaabika kwa kukosa daraja la kuvukia mto, hasa wakati wa masika, na ahadi ya kulijenga iliingia katika kampeni. Mwezi Agosti 2012 Mahakama Kuu iliyokaa Tabora ilitengua matokeo, na ahadi hiyo ya daraja, iliyotolewa na waziri aliyekuwa madarakani, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ilimrejeshea Kafumu kiti chake. Mhakiki wa lugha hana kauli juu ya sheria, lakini anaweza kuonyesha mahali ambapo ubishi wa namna hii hukaa. Hukaa katika kiambishi “-ki-”. “Daraja litajengwa” ni ahadi ya serikali kwa raia wake wote. “Mkimchagua fulani, daraja litajengwa” ni biashara. Silabi moja yatosha kuugeuza wajibu wa dola kuwa bei ya kura, na katika maneno yote ya kampeni, silabi ya namna hiyo ndiyo inayomgusa kweli mtu wa Mbutu anayesubiri maji ya mto yapungue ndipo avuke.

Sitiari ya gamba, kwa upande wake, haikufa baada ya uchaguzi, ilihama wenyewe. Vijana wa upinzani walianza kuwaita wafuasi wote wa CCM “magamba”. Kufikia mwaka 2012 Chadema, ambao viongozi wao walijulikana kwa mavazi ya kijeshijeshi yaitwayo magwanda, walikuwa wakiwaalika wanachama wa CCM wavue gamba na wavae gwanda. Hapa lugha ilifanya kazi ya kihakiki kwa ufasaha kuliko mhakiki yeyote. Neno lililotungwa kuwataja wachache wanaopaswa kuondoka lilirudi kukitaja chama kizima. Na kitenzi kilibadilika: si “kujivua” tena, bali “vua”, amri aambiwayo mtu wa kawaida mwenye kadi mfukoni. Kwa mara ya kwanza katika historia fupi ya msemo huo, mwananchi akawa mtenda.

Yawezekana kusemwa kwamba uchambuzi wa aina hii unavibebesha viambishi mzigo usio wao, na kwamba wanasiasa husema lililo karibu na ulimi bila kupima ngeli. Pingamizi hili lina ukweli wake. Hakuna anayedai kuwa kikao cha Dodoma kilijadili “-ji-”. Lakini nguvu ya sarufi iko katika kutumiwa bila kupimwa. Tanzania yenyewe ilikuwa na maneno mengine mawili yaliyopambanuliwa vizuri katika mijadala ya umma: “kuwajibika”, yaani kubeba dhamana kwa hiari, na “kuwajibishwa”, yaani kubebeshwa na wengine wenye haki ya kuuliza. Chama kingeweza kusema kwamba kitawawajibisha wanachama wake. Kauli hiyo ingedai aonekane mtenda, atajwe mtendwa, na tuhuma zisomwe hadharani zijibiwe. Sitiari ya gamba iliyaondoa yote matatu kwa mpigo, na ndiyo maana ilipendwa.

Wasomaji wa Kenya hawana sababu ya kulitazama jambo hili kama la jirani tu. Baada ya Oginga Odinga kujiuzulu umakamu wa rais mwezi Aprili 1966 na kuunda KPU, katiba ilirekebishwa upesi ili aliyehama chama apoteze kiti, na nchi ikaingia katika chaguzi ndogo za viti 29 mwezi Juni mwaka huo. Hapo nako ilibishaniwa kama wabunge walitoka au walitolewa. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 104, ilimpa mpiga kura wa Kenya haki ya kumwondoa mbunge kabla ya kipindi kwisha, ingawa sheria ya kuitekeleza haki hiyo ilikumbana na pingamizi mahakamani mwaka 2017. Hata hivyo Kiswahili cha siasa bado hakijampa tendo hilo kitenzi chake kilichozoeleka. Yupo anayejiuzulu, kipo chama kinachojivua, kipo kiti “kilichoachwa wazi” kana kwamba upepo ndio uliofungua mlango. Anayekosekana ni yule aliyekitoa kiti hicho kwa kura yake.

Jambo la msingi katika mkasa wa Igunga ni hilo. Watu wa jimbo hilo walimchagua mtu kwa miaka mitano, wakapewa miezi isiyofika tisa, kisha wakaitwa tena vituoni bila kuelezwa na yeyote, kwa kauli ya kutenda iliyo wazi, ni nani alifanya nini kwa nani. Wengi wao hawakwenda. Ikiwa idara za lugha zina mchango wa kutoa katika maisha ya umma, basi sehemu yake moja ni kuwazoeza wanafunzi kuliuliza swali hilo kila wasikiapo kitenzi chenye “-ji-” kutoka jukwaani: mtendwa yuko wapi, na amefichwa kwa faida ya nani.