Sikio la Fundi, Sahani Inayozunguka

Kompyuta nyingi za nyumbani zinazofika Entarara huwa zimekwisha kula chumvi. Zilianza kazi katika ofisi za Uingereza au Marekani, zikastaafishwa, zikavushwa bahari, zikauzwa Nairobi kwenye maduka ya Moi Avenue na Luthuli, ndipo zikapanda matatu kuja huku Kajiado: EliteBook ya HP, ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell. Bodi zake ni imara, na kibodi zake hustahimili vidole vya ukoo mzima. Tatizo huwa mahali pamoja. Mwenye mashine huiwasha asubuhi, akainjika chai, akarudi na kukuta kile kiduara bado kinazunguka kwenye kioo, akakata shauri kwamba imezeeka.

Fundi anayeijua kazi yake hamkubalii upesi. Huinama, akaweka sikio karibu na sehemu ya kuwekea viganja mbele ya kibodi, akasikiliza.

Anachokisikia ni sahani ya diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachokimbia huku na huku juu yake bila kuigusa, kwa mwanya usiotosha hata chembe ya vumbi kupita. Mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11. Ni muda mfupi, lakini Windows inapowaka huomba maelfu ya vijifaili vilivyotawanyika kila upande wa sahani, na kila ombi linasubiri zamu yake. SSD, diski ya kuiweka mahali pa hiyo, haina kinachozunguka. Ndani yake mna seli za flashi zinazoshika chaji ya umeme, aina ambayo Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba waliitangaza mwaka 1987. Ukiiomba data, hujibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde, au hata chini ya hapo.

Kwa hiyo anayebadilisha diski hanunui kasi ya kubeba mzigo mkubwa, ananunua kutosubiri. Hili ndilo wauzaji hawalisemi. Wao hupenda tarakimu: SSD inayounganishwa kwa njia ya SATA husoma kama MB 550 kwa sekunde, ya NVMe hufika 3,500, na zile za kizazi kilichofuata hukaribia au kupita 7,000. Mwalimu anayeandaa mitihani, kijana anayefungua eCitizen, mama anayejaza fomu za KRA usiku wa mwisho wa Juni, hao wote wataona muujiza wakitoka kwenye sahani kwenda SATA. Wakitoka SATA kwenda 7,000, wataona risiti tu. Anayehariri video ana hesabu yake nyingine.

Ufundi wenyewe huanza kabla pesa haijatoka mfukoni, kwa kuisoma mashine. ThinkPad X230 ya mwaka 2012 hupokea diski ya inchi 2.5, lakini yenye unene wa milimita 7 tu; ile ya milimita 9.5 haiingii hata uisukume vipi. EliteBook 840 G3 ina nafasi ya inchi 2.5 na ya M.2 pia, kile kijibao chembamba cha milimita 22 kwa 80. Na M.2 ndiyo imewapotezea watu wengi nauli ya kurudi Nairobi. Vijibao vya SATA na vya NVMe vinafanana kama mapacha, ila cha SATA kwa kawaida kina mapengo mawili kwenye meno yake na cha NVMe kina moja. Kuna mashine zinazokubali aina moja tu, na fundi makini huuliza modeli kamili ya laptopu kabla hajataja bei.

Wasiwasi kwamba SSD “huisha” upo, na una chembe ya ukweli: seli huchakaa kwa kuandikwa. Diski nyingi nzuri za GB 500 hupewa dhamana ya kuandikwa TB 300. Mtu anayeandika GB 20 kila siku, kiasi ambacho nyumba nyingi hazifikii, angehitaji zaidi ya miaka 40 kuzimaliza. Cha kuogopwa zaidi ni bandia: diski yenye lebo ya TB 2 kwa bei ya kutupa, ambayo kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya. Ikijaa uwezo wake halisi huanza kufuta picha za zamani kimyakimya ili kupokea mpya. Dawa ni kuijaza pomoni na kuisoma tena kwa programu ya H2testw, au F3 kwa wa Linux. Huchukua saa kadhaa, na mteja huona fundi anavuta muda.

Kuifunga sasa. Kwenye X230 betri hutolewa kwanza, kisha skrubu moja tu ya kifuniko cha kona. Diski huvutwa kwa ulimi wake wa plastiki, na zile reli mbili za mpira zilizoibana huvuliwa na kuvishwa diski mpya. Kwenye mashine za mitumba reli hizo hukosekana mno, kwa sababu ofisi za ng'ambo hung'oa diski kulinda siri zao na reli huondoka nazo. Kijibao cha M.2 huingizwa kimelala mshazari, hubonyezwa taratibu hadi kilale, kikafungwa kwa skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Skrubu hiyo nayo hukosekana, na wapo wanaoweka selotepu. Selotepu hulegea kwa joto, kijibao kikainuka, na mashine ikadai haina diski kabisa. Kiangazi kikikolea na hewa kukauka, fundi hugusa kwanza chuma kitupu ili kuondoa chaji mwilini mwake.

Kunakili diski nzima ya zamani kwenda mpya kwa programu ya Clonezilla hufanywa betri ikiwa imejaa, maana stima haipigi hodi inapoondoka. SSD za nyumbani kwa kawaida hazina kapasita za kumalizia kuandika umeme ukikatika. Kilichokuwa njiani kinaweza kupotea. Ndiyo sababu kompyuta ya mezani isiyo na UPS husubirishwa hadi siku tulivu.

Diski ya zamani haitupwi. Hupigwa picha ya afya kwa programu ya CrystalDiskInfo, na mistari miwili husomwa kwanza: 05, sehemu zilizokwisha hamishwa, na C5, zinazongoja hukumu. Yote miwili ikiwa sifuri, diski huwekwa kwenye kasha la USB ikatunza nakala za vyeti na picha za harusi. C5 ikiwa imepanda, fundi huokoa faili kwanza, na hayo mengine ya bei huzungumzwa baadaye.